Niliitwa kwa ajili ya damu, nikaulizwa habari za mahindi

Mwaka juzi nilienda kuchangia damu, shemeji yangu alikuwa anajifungua na wakasema ndugu waje. Wiki chache baadae napigiwa simu nirudi, nikajua wanataka nyingine, kumbe wamekuta nina virusi vya homa ya ini B. Mi sina homa, macho meupe kabisa, nabeba gunia la mahindi pale soko la Kilombero, Arusha, bila kuhema, ndo naambiwa ini lina mgeni!

Daktari akaniuliza kitu cha ajabu, nyumbani mnahifadhi wapi mahindi na karanga. Nikaona ananipotezea muda. Lakini mi ni mfanyabiashara wa nafaka, ikabidi nisikilize.

Iko hivi. Kuna ukungu unaitwa Aspergillus flavus, unaota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, au hata shambani kukiwa na ukame, na unatoa sumu tunayoiita sumukuvu. Ilijulikana 1960 baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Sasa wanasayansi walifuatilia wanaume zaidi ya elfu 18 kule Shanghai, China, matokeo yakatoka mwanzoni mwa miaka ya 90: mwenye dalili za sumukuvu mwilini peke yake hatari ya kansa ya ini ilikuwa kama mara 3 ya mtu asiye na chochote, mwenye virusi B peke yake kama mara 7, mwenye vyote viwili karibu mara 60. Yaani mi hesabu yangu ya dukani ilikuwa 3 jumlisha 7. Nilirudia kusoma mara tatu.

Kuna mtafiti Mwingereza, Christopher Wild, nampenda kwa sababu hakuishia kuuliza watu wamekula nini (nani anakumbuka?), yeye na wenzake walipima alama za sumukuvu kwenye damu yenyewe, kazi kubwa wakaifanyia Gambia. Alafu 2002 wakatoa utafiti wa watoto 480 wa Benin na Togo, 99% walikuwa nayo kwenye damu na waliodumaa ndo walikuwa nayo nyingi zaidi. Hapo nikafikiria uji wa lishe, ule tunaochanganya mahindi, karanga na kila kitu tukijua tunamjenga mtoto. Ukiweka karanga zilizosinyaa umemharibia.

Na msiseme ni mambo ya mbali, 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa jirani tu, Manyara na Dodoma.

Kwangu nimebadilisha hivi. Mahindi sianiki chini tena, ni turubai. Kabla ya kupanga stoo nachukua chupa kavu, naweka mahindi na chumvi kavu kidogo, natikisa, nasubiri dakika 15, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa basi bado mabichi, yanarudi juani, mteja anune tu. Ya kula nyumbani yanakaa kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kuchambua tunachambua wote hadi watoto, punje iliyovunjika, yenye rangi ya ajabu, nje. Na usijidanganye eti moto utaua, kupika kwa kawaida hakuiondoi hiyo sumu. Kukoboa kunapunguza, maana nyingi inakaa kwenye pumba na kiini, kwa hiyo dona ni nzuri ila kwa mahindi safi tu bana.

Kuhusu virusi, nenda kapime, wewe uliyezaliwa kabla ya 2002 chanjo ya utotoni hukuipata. Wife alipima hana, akachoma sindano zake tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mi dawa sijaanzishiwa, si kila mtu anazihitaji, ila nakwenda kupimwa ini kila nikiitwa na pombe nimeacha, hiyo ndo iliuma.

Bi mkubwa Kibosho ndo kazi. Alikuwa na mahindi yameshika ukungu, akasema atawapa nguruwe, nikamwambia mama nguruwe nao wana ini. Akasema basi atamuuzia mama wa pombe. Ikabidi nipande mwenyewe Jumamosi tukayachimbie shimo, na yeye kasimama pembeni anahesabu kwa sauti, debe la kwanza, debe la pili.