Tiketi za chakula, klorini ya ziwa

SWALI: Ndugu wahariri, klabu yetu ya kujitolea hapa Goma inauza tiketi za chakula ili tununue klorini ya kutibu maji ya Ziwa Kivu. Hesabu hazilingani. Tufanyeje? Na klorini tuipimeje?

JIBU: Kila tiketi iwe na namba na kishina, yaani kipande kinachobaki kitabuni. Muuzaji atie saini anapochukua, arudishe na zisizouzwa; pesa hupotelea hapo. Faranga na dola ziandikwe mbalimbali, maana bei ya kubadilisha haitulii. Dola iliyochanika, hata kidogo, ikataeni: sokoni haipiti.

Klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 15 kwa lita moja ya maji, kisha mililita 10 za mchanganyiko huo kwa bidoni ya lita 20. Subirini dakika 30. Maji ya tope huimaliza nguvu, yachujeni kwanza.