Simu inasema jua, ndege haitui Kisongo

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini simu ilionyesha Arusha jua huku wageni wako wakipelekwa KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) badala ya Kisongo, uwanja wa Arusha. Simu inabashiri siku nzima ya mji. Rubani anataka kujua wingu liko juu kiasi gani uwanjani saa hiyo hiyo.

Tafuta METAR (taarifa fupi ya hali ya hewa uwanjani) ya HTAR, ndiyo alama ya uwanja wa Kisongo. Ukikuta 0600Z, yaani 06:00 kwa saa za kimataifa (UTC), ongeza saa tatu: ni saa 3 asubuhi kwetu. 08008KT ni upepo wa kutoka mashariki, noti 8, yaani kama kilomita 15 kwa saa, kwa hiyo ndege itapenda barabara ya kutulia namba 09, inayoelekea mashariki, ili itue ikiukabili. Cha kukutoa jasho ni BKN006: wingu limefunika sehemu kubwa ya anga, futi 600 tu juu ya uwanja. Juni hadi Agosti asubuhi ni kawaida, Meru yenyewe huioni.

Usidanganyike na taarifa ya KIA (HTKJ). Kisongo iko juu zaidi kwa karibu mita 500, hivyo wingu linaloonekana la juu kule laweza kuwa ukungu huku.

NOTAM (matangazo kwa marubani) nazo pitia, humo ndimo hutangazwa matengenezo ya barabara ya ndege. Ila wageni wakiunganisha ndege ya kimataifa, mimi nisingewapangia ndege ya kwanza ya asubuhi kutoka Kisongo mwezi Julai.