Mpaka wetu ulikuwa mwembe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: ukiambiwa ukipange kijiji chenu cha miaka ishirini ijayo, utaanza na jengo gani? Mimi jengo baadaye. Nitaanza na kamba ya kupimia na vigingi, maana kwetu majengo huwa yanapatikana. Linalotushinda ni mahali pa kuyaweka.

Kijiji chetu kiko mkoani Morogoro, ni cha tangu Operesheni Vijiji, mwaka 1974. Waliotupanga walitupanga kwa mistari: nyumba huku, shule kule, katikati uwanja. Ule uwanja ndio uliokuwa bustani yetu, ingawa hakuna aliyewahi kuuita hivyo. Asubuhi mbuzi, jioni mpira. Msiba ukitokea, turubai linafungwa pale. Wagombea wakija, magari yanaegeshwa pale. Kisha ukaanza kumegwa. Zahanati ikachukua pembe moja, na nani angekataa zahanati? Ikaja ofisi, likaja ghala, zikafuata fremu za maduka. Leo watoto wanacheza barabarani; bodaboda ikipita wanaudaka mpira na kusimama pembeni, ikishapita wanaendelea.

Tulipokwenda kuudai tukafunguliwa daftari la mihtasari. Limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba eneo la michezo linaanzia shuleni hadi kwenye mwembe. Mwembe wenyewe uliangushwa na mvua za El Niño, mwisho wa 1997. Kila mzee akaonyesha anapoukumbuka, wala hawakupatikana wawili walioonyesha mahali pamoja. (Mmoja wao ana fremu pale. Mwembe wake yeye ulikuwa karibu sana na shule.)

Sheria hatukuikosa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya pamoja, ya kaya na watu binafsi, na ya akiba kwa matumizi ya baadaye. Ya pamoja ikishapitishwa na mkutano mkuu hapewi mtu kuwa yake. Na mkutano mkuu ni sisi wote tuliotimiza miaka 18, siyo mwenyekiti na halmashauri yake peke yao. Lakini fungu lisilopimwa kila mwenye jembe atalisogeza.

Halafu wala si eneo kubwa. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 haufiki hata ekari mbili. Ongeza ekari moja ya miti na watazamaji, zinakuwa tatu, yaani shamba la mahindi la kaya moja. Leo ziko kwenye akiba, hatulipi kitu. Tukingoja zilimwe na zijengwe, tutazitafutia fidia, na michango ya kijiji chetu naijua ilivyo.

Zahanati nayo haikupona. Sasa inahitaji wodi ya wazazi na nyumba ya muuguzi, lakini nyuma imegusana ukuta na fremu. Siku ya kliniki kuna benchi moja tu nje. Saa tatu asubuhi liko upande wa magharibi, kina mama wamepakata watoto. Saa sita kivuli kimekwisha, wanabanana kwenye ukingo wa bati. Saa nane wamelibeba wenyewe hadi upande wa mashariki. Nimekaa benchi lile na watoto watatu, nalijua hata mguu wake unaocheza. Kwa hiyo zahanati, shule na makaburi vitengewe mara mbili ya kinachohitajika sasa.

Ukisema bustani, watu wetu wanafikiria maua na mlinzi. Mimi nasema kivuli. Wanaume wana kijiwe chao, bodaboda wana mwarobaini wao. Sisi wanawake tunakaa kwenye foleni, ya maji au ya mashine ya kusaga, na zote ziko juani. Basi miti ya kwanza ipandwe bombani na mashineni: mikungu, miembe, miarobaini. Mikaratusi hapana, inakunywa maji kuliko sisi.

Iko bustani nyingine tuliyopewa bure tukaiona adhabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwetu watu wananung'unikia matuta yao ya mboga. Lakini hebu fikiria: mita 60 kwa urefu wote wa kijiji, mikuyu tayari imesimama, na hakuna fremu itakayoruhusiwa kuota humo. Panahitajika njia ya miguu tu na mahali pa kukaa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi, na mwezi uliopita tulipima ekari tatu za akiba upande wa bombani. Safari hii daftarini tumeandika mita, na kwenye kila pembe tumechimbia bikoni ya zege. Kabla zege halijakauka, kijana wa jirani yangu akaja kuomba apande mchicha humo, kwa muda tu, mpaka miti ikue. Nikamkatalia. Mpaka leo shikamoo yake anaitolea puani.