Usianze na Subaru: kwa anayetaka kuendesha rali za msituni huku Uingereza

Binamu yangu aliyeko Leeds alinipigia simu mwezi uliopita, sauti imejaa moto. "Kaka, nimeona Subaru Impreza, pauni elfu saba, ina kizimba cha vyuma na kila kitu. Nikiichukua, msimu ujao si naingia nayo rali ya msitu wa Kielder?" Nikamuuliza kama amewahi kusimama msituni kutazama rali, hata mara moja. Hajawahi. Tuliongea karibu saa nzima, na mengi niliyomwambia ndiyo haya, maana tangu nianze kubandika picha za gari langu lililojaa matope, swali hilo naulizwa na Wakenya na Watanzania wengi tulio nao huku.

Sisi tuliokulia Nakuru tunadhani rali tunaijua. Tulisimama kando ya barabara tukasubiri vumbi, tukapiga mayowe, tukarudi nyumbani wekundu kama matofali. Lakini Safari Rally ya zamani ilikuwa mchezo wa aina yake: mpaka 2002 magari yalikimbizana na saa katika barabara zilizo wazi, kukiwa na ng'ombe, punda na matatu. Huku barabara ya msitu hufungwa. Unaingia peke yako, mwenzako anafuata baada ya nusu dakika au dakika moja, na kile kipande, ambacho magazeti ya nyumbani hukiita mkondo, huwa cha maili chache tu. Ukitoka hapo unaendesha barabarani kama raia mwingine, taa nyekundu unasimama, mpaka mkondo unaofuata. Ndiyo maana gari la rali huku lina namba, limekatiwa bima, na limekaguliwa kama gari la kupelekea watoto shule.

Tena kwa sisi wa kilabu za rali, rali nyingi haturuhusiwi kupita njia mapema kuikagua. Kona unaiona kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye gia ya nne.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo binamu yangu alipokuwa amekosea hesabu. Misitu ina wenyewe, mashirika ya serikali. Kielder na Grizedale iko chini ya Forestry England, ile ya Wales kama Dyfi, Hafren na Clocaenog iko chini ya Natural Resources Wales. Barabara zake zilijengwa kwa ajili ya malori ya magogo, na gari moja linaloteleza kwa nguvu huchimba changarawe kuliko lori linalotambaa. Kwa hiyo waandaaji hutozwa kwa maili, nao wanatutoza sisi. Rali yangu ya kwanza ada ilikuwa pauni 680 kwa maili 42 za ushindani. Ongeza tairi, mafuta, kukodi trela, chumba cha kulala usiku mmoja: kama pauni 1,250 zote pamoja.

Ningemaliza, ingekuwa pauni 30 kwa maili. Niliendesha maili tatu.

Acha nieleze zile maili tatu. Kielder, asubuhi, ukungu umekaa juu ya misonobari, mvua ile ya huku isiyonyesha wala kukatika. Mwelekezi wangu ni mzee wa Kiwelishi, fundi bomba mstaafu, aliyekaa kiti cha kushoto cha rali miaka mingi kuliko niliyonayo duniani. Namwita Mzee. Mwanzoni alidhani namtukana. Nilipomweleza maana yake alifurahi mpaka akabadilisha maandishi, na sasa kwenye kioo cha pembeni, pale majina yetu yanapoandikwa, upande wake pameandikwa Mzee. Yeye ndiye husoma noti, yaani maelezo ya kona yaliyoandikwa mapema na wengine. Kwa mfumo tunaotumia, kona hupewa namba kwa ukali wake: kona ya sita unaipita bila kuondoa mguu kwenye mafuta, kona ya moja ni ile ya kuvuta breki ya mkono. Katikati ya namba kuna umbali mpaka kona inayofuata, na maneno madogo: inabana, inafunguka, kilele, usikate.

"Kushoto nne, usikate," akasema. "Themanini, kulia tatu inabana."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini macho yangu yaliona alama za tairi za walionitangulia, zimepita ndani ya kona, juu ya majani. Namba yangu ilikuwa 63. Nikajiambia, kama watu zaidi ya hamsini wamekata, mimi ni nani nisikate? Nikakata. Ndani ya majani mlikuwa na kisiki. Sauti yake ilikuwa kama sufuria kupigwa kwa mchi, usukani ukageuka wenyewe mikononi mwangu, na Nissan Micra yangu ikavuka barabara ikaingia mtaroni kwa adabu, polepole, kama mgeni anayetafuta kiti.

Walionitangulia walikuwa na magari yaliyoinuliwa kuliko langu, na pengine kisiki chenyewe kilifunuliwa na hao hao, tairi baada ya tairi. Ukiwa na namba ya nyuma, barabara unayopewa si ile waliyoikuta wa mbele. Mifereji imekuwa mirefu, mawe yamefukuliwa, changarawe yote imesukumwa pembeni. Na neno "usikate" huandikwa na mtu aliyekiona kitu.

Nilichojifunza siku ile zaidi ya kona ni kile Mzee alichokifanya baadaye. Alizima saa yake, akaniuliza kama niko salama, akashuka na kibao. Kila gari hubeba kibao chenye pande mbili: upande mmoja OK, upande wa pili SOS. Ukiwa mzima unawaonyesha OK wanaokuja. Ukionyesha SOS, gari linalofuata ni lazima lisimame, na asiyesimama ana kesi. Mimi nilikuwa bado nimekaa nashika usukani na kumlaani mwenye kisiki. Yeye alishakimbia nyuma kuweka pembetatu nyekundu, amerudi, na ananifokea nitoke nipande juu ya ukingo, upande ambao gari likikosa kona halifiki. Zoezeni jambo hili nyumbani, gari likiwa limeegeshwa: mikanda kufunguliwa, helmeti mnabaki nazo, kibao kipo wapi, nani anabeba pembetatu. Ukiwa na damu inayochemka hutakumbuka hata jina la mama yako.

Tukasimama pale saa moja na zaidi. Mzee alifungua mkate wake wa jibini. Kila gari likipita, alitaja gia bila kuliangalia. "Ya tatu. Ya tatu. Huyu ya pili, anaogopa. Huyu ya nne, tutamkuta mbele." Na kweli huyo wa gia ya nne tulimkuta mbele, akiwa na kibao chake mkononi.

Kwa hiyo, binamu, kabla ya gari lolote: nenda ukawe mashali. Hawa ndio watu wa koti la rangi kali wanaosimama mvuani ili wewe ucheze. Wote ni wa kujitolea. Kujiandikisha Motorsport UK, chama kinachosimamia mbio za magari huku, ni bure, mafunzo unasoma mtandaoni kwako, na bila wao mkondo haufunguliwi. Nilifanya kazi hiyo msimu mzima kabla sijagusa usukani, na mpaka leo naenda angalau mara mbili kwa mwaka. Ukisimama kwenye kona moja na kuangalia magari sitini yakiipita, utajua ni nani mwenye kasi na ni nani mwenye kelele. Wenye kasi wengi wanachosha kuwatazama. Gari halipigi mkia sana, breki wanazishika mapema, kisha wanaondoka kimya. Wanaopendeza kwenye picha huwa nafasi ya arobaini.

Pili, jiunge na kilabu iliyo karibu nawe na uende kwenye mikutano, usiishie kulipa ada tu. Yetu hukutana Jumanne kwenye baa. Mimi hunywa soda na hakuna aliyewahi kuuliza. Siku ya kwanza nilikuwa Mweusi peke yangu mle ndani, na sitawadanganya kwamba sikulihisi. Lakini walipojua kuwa naweza kushusha giaboksi bila kusoma kitabu, mazungumzo yakabadilika. Kilabu ndipo nilipompata Mzee, ndipo nilipopata trela la kuazima, na ndipo nilipopata gari.

Kuhusu gari, nitasema wazi: usijenge la kwako. Nunua lililojengwa na mtu aliyechoka. Atauza kwa nusu ya alichotumia, na mkewe atakushukuru. Na liwe dogo. Micra ya zamani, Peugeot 106, Citroën C2, Fiesta, kitu chenye magurudumu mawili ya kuvuta na vipuri vinavyookotwa kila mahali. Impreza ni gari tamu, simkatazi mtu ndoto yake, lakini kila kinachovunjika kwenye Impreza kina bei ya Impreza, na kasi yake itaficha makosa yako mpaka siku itakapoyafichua yote kwa mpigo. Micra yangu haina nguvu ya kunitoa kwenye kosa. Nikiingia konani vibaya, naadhibiwa mpaka kona ya tatu mbele, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kuingia vizuri.

Ukienda kulitazama, achana kwanza na injini. Angalia tarehe. Viti vina tarehe, mikanda ina tarehe, mfumo wa kuzimia moto una tarehe ya kukaguliwa. Binamu yangu alipotuma picha za ile Impreza nilimwambia avikuze vile vibandiko vya nyuma ya viti. Muda ulishapita. Mikanda pia. "Tayari kwa rali," tangazo linasema, lakini mkaguzi wa asubuhi hasomi tangazo. Ongeza helmeti inayokubalika, kile kifaa cha kushika shingo kiitwacho HANS, nguo zisizoshika moto kwa watu wawili, na elfu saba yako imekuwa tisa kabla hujalipa ada ya rali moja. Ukiwa pale, chungulia chini ya gari. Bamba la kulinda injini likiwa limekunjwa kidogo, sawa, limefanya kazi yake. Likiwa jipya linang'aa kwenye gari la miaka mingi, uliza lile la zamani lilipatwa na nini.

Leseni haina maajabu: kifurushi cha kuanzia, mtihani wa maandishi, na siku moja kwenye shule ya rali ukiwa na mkufunzi. Siku hiyo usiionee uchungu pesa. Yule mkufunzi alinifundisha kushika breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta, ili gari la kuvuta mbele lipeleke pua ndani ya kona. Wiki nzima baadaye niliendelea kukanyaga breki ya gari la kazini kama mtu anayeua nge.

Asiye na pesa za gari na akae kiti cha kushoto. Mwelekezi hahitaji mtihani wa kuendesha, na madereva wanaotafuta mwelekezi asiyetapika hawakosekani. Ukikaa hapo utajifunza saa, na saa imewaangusha wengi ambao visiki havikuwapata. Kila kituo cha kupimia muda unatakiwa kuingia kwa dakika yako. Ukichelewa dakika moja unaongezewa sekunde 10. Ukiwahi dakika moja, unaongezewa dakika nzima. Mwafrika kuadhibiwa kwa kuwahi! Nilicheka niliposoma, mpaka rali yetu ya tatu, Mzee ameenda chooni, mimi nikaona foleni imesogea nikasogeza gari ndani ya eneo la kituo kabla ya wakati wetu. Aliporudi hakusema kitu kwa maili kumi na mbili. Kwa mtu anayelipwa kwa mkate wa jibini kusoma kila kona kwa sauti, ule ukimya niliuhisi mgongoni.

Amejifunza neno moja la Kiswahili, "polepole", na analitumia kinyume. Akiona naogopa kona ya sita kwenye ukungu, analitamka kwa kejeli, anakokota ile "o" mpaka mguu wangu unashuka wenyewe.

Safari ikiwa Naivasha huwa nachat na jamaa wa nyumbani, na bado wapo wanaodhani watu wa misitu ya huku hawawezi vumbi letu. 2025 aliyeshinda kule alikuwa Elfyn Evans, mzaliwa wa Dolgellau, umbali mfupi kutoka Dyfi. Nilimwonyesha Mzee picha ya jukwaa. Akasema anaijua barabara ya kwao huyo kijana, ina ng'ombe pia.

Rali yangu ya pili nilikwenda na karatasi imebandikwa kwenye dashibodi: 30. Pauni kwa maili. Kila nilipotaka kukata kona niliiona. Tulimaliza maili zote, nafasi ya 51 kati ya 58 walioanza, bampa la mbele limefungwa kwa gundi ya karatasi na breki za nyuma zinalia kama mbuzi. Usiku nikampigia mama Nakuru.

"Umeshinda?" akauliza.

"La, Mama. Nimemaliza."

"Umemaliza? Basi vizuri, mwanangu. Sasa utauza hilo gari."