Kabla hujafungua laptopu, kasimame kwenye mkanda

Wadogo zangu mnaotoka chuo na kuingia kwenye mitambo ya mikanda, iwe ya kiwandani, ya ghala au ya mabegi uwanja wa ndege, swali lenu huwa ni lile lile: nianze na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) ya nani, Siemens au Allen-Bradley? Anza na iliyopo pale ulipoajiriwa. Kama kazi bado, pakua Codesys, programu ya kuandikia PLC, uchezee nyumbani, ni ya bure.

Kinachowashinda wageni si programu. Ni katoni.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kwenye laini ya vinywaji. Niliandika kipima muda cha kugundua mkwamo: sensa ikizibwa sekunde 2 mfululizo huku mkanda unatembea, simamisha. Hesabu ilikaa sawa. Katoni ya sentimita 60 kwenye mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde hupita mbele ya sensa kwa sekunde 1.2. Wiki nzima hakukuwa na tatizo. Halafu zamu ya usiku wakapunguza mwendo hadi nusu, kwa kuwa mashine ya mbele ilikuwa inazidiwa, na laini ikawa inasimama kila katoni inapopita. Sekunde 2.4, si unaona? Asubuhi nilikuta riflekta, kile kioo kinachorudisha mwanga kwa sensa, imebandikwa kwa selotepu mbele kabisa ya jicho la sensa, haioni katoni wala nini. Sikuwalaumu. Walikuwa na mzigo wa kutoa.

Tangu hapo napima umbali badala ya muda. Nahesabu palsi za enkoda, kifaa kinachotoa alama kadiri mkanda unavyosogea: mkanda ukisogea mita moja na sensa bado imezibwa, hapo kuna mkwamo, mkanda uwe unakimbia au unatambaa. Hilo sikulipata darasani, nilipewa na selotepu.

Kwa hiyo kaa nusu zamu pale kwenye mkanda. Angalia katoni zinavyopinda zikiloa. Muulize mwendeshaji ni wapi huwa anapiga teke. Na jua kwamba riflekta ikishika vumbi, sensa hudhani imezibwa. Simu nyingi za saa nane usiku zimeishia kwenye kitambaa.

Mwingine wa kumfuata ni fundi umeme mzee. Modicon 084, PLC ya mwanzo kabisa, ilitoka miaka ya mwisho ya 1960 kuchukua nafasi ya makabati ya relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) kwenye viwanda vya magari Marekani, na lada, lugha ya kuiandikia programu, ikachorwa kama mchoro wa relei ili mafundi waliokuwepo waisome. Basi mzee huyo anaisoma kazi yako vizuri tu. Mwamkie, mshikie testa. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba sensa ya NPN (inayounganisha waya wa ishara kwenye hasi) kwenye kadi ya PLC inayotaka PNP (inayounganisha kwenye chanya) huwasha taa yake kama kawaida, na PLC isione kitu. Nilikuwa nimeshamaliza saa tatu nikikagua programu.

Usalama hauna mjadala. Mkanda uliousimamisha kwenye skrini haujazimwa. Sensa moja ikiguswa, mkanda unaweza kuondoka na mkono wako. Zima swichi kuu, funga kufuli lako, ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa msimamizi.

Na kabla hujapakia mstari hata mmoja, pakua kwanza programu iliyomo ndani ya PLC, uihifadhi kwa tarehe. Ile ya kwenye laptopu ya ofisi usiiamini, hata wakikuapia kuwa ndiyo hiyo hiyo: kuna mtu aliibadilisha ya kwenye PLC usiku.