Mwalimu, Ninunue Kibodi Gani? Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Tangu shule zifungwe maswali ya kibodi yamekuja mengi kuliko ya gita na ngoma ukiyaweka pamoja. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu wengi wenu mmeuliza hilo hilo kwa maneno tofauti.

Habari mwalimu. Niko na msichana wa miaka 9, tangu aone wenzake wakicheza kinanda kanisani ananisumbua kila siku anataka kujifunza piano. Nimeweka kando elfu 25. Nilienda Luthuli nikaonyeshwa Yamaha PSR-E273 na Casio CT-S300, muuzaji akaniambia ni kitu moja tu, zote ziko na sauti 400 za ala tofauti, nichukue ile ya bei ya chini. Kulikuwa na ingine ya tatu inawaka taa kwa vitufe na inakuja na maiki, hio bei ni kama nusu, lakini jina silijui. Nichukue gani? – Mama wa Kayole

Mama, hongera kwa kumsikiliza mtoto. Huyo muuzaji kwa hesabu ya sauti hajakosea, E273 iko nazo 401 na CT-S300 iko nazo 400. Lakini si kitu moja hata kidogo, na kile kinachozitofautisha ndicho kitu cha kwanza mtu anayetaka kujifunza piano anafaa kuuliza kabla hajauliza bei. CT-S300 iko na tachi, E273 haina.

Tachi ni hivi. Ukibonyeza kitufe polepole sauti inatoka ndogo, ukikipiga kwa nguvu sauti inatoka kubwa, vile piano yenyewe inafanya. Kibodi isiyo na tachi haijui kama mtoto amegusa ama amegonga, sauti ni ile ile. Sasa chukua mtoto amejifunza kwa kibodi kama hio mwaka mzima, nyimbo anazijua, alafu siku moja akae kwa piano ya shule ama ya kanisa: mkono wa kushoto unafunika wimbo wote kwa sababu vidole havijawahi kufundishwa kupunguza, na mtoto anaanza kufikiri hajui kitu na kumbe anajua. Hio inaniuma sana kila nikiiona kwa sababu ingezuiwa siku ya kununua.

Ndani yake hakuna maajabu. Chini ya kila kitufe kuna raba iko na vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kimoja kinagusa kwanza na kingine kinafuata, mashine inapima ule muda mdogo katikati yao, muda ukiwa mfupi inajua umepiga kwa nguvu. Kwa hivyo tachi huwezi kuongezewa baadaye na fundi, ama kibodi ilitengenezwa nayo ama haikutengenezwa nayo.

Kwa duka usiulize muuzaji, jaribu mwenyewe. Washa, weka sauti ya piano ambayo mara nyingi ni namba 001, bonyeza kitufe kimoja cha katikati taratibu kama unaamsha mtoto, alafu ukipige hicho hicho kwa nguvu. Kama hujasikia tofauti, tachi haipo ama imezimwa kwa menyu, mwambie aiwashe, akishindwa endelea na safari. Kwa boksi huandikwa Touch Response. Na kama ni Yamaha za PSR-E kuna njia rahisi ya kukumbuka, zile za mia mbili (E263, E273, E283) hazina, za mia tatu (E363, E373, E383) ziko nayo. Casio CT-S100 na CT-S200 pia hazina, na CT-S200 kwa macho inafanana na CT-S300 sana kwa hivyo soma jina vizuri kabla hujalipa.

Sasa hio ya tatu inayowaka taa. Taa peke yake si mbaya, hata Casio wako na zao za taa. Tatizo la hizi zisizo na jina mara nyingi ni saizi ya vitufe. Beba rula ya shule ya mtoto, pima vitufe saba vyeupe vilivyofuatana, upana wake ufike kama sentimita 16 na nusu. Hio ndio saizi ya piano. Ikiwa umepata 14 ama 13 hio ni ya kuchezea tu, mkono wake utazoea nafasi ambayo piano za kawaida hazina. Alafu bonyeza noti nne ama tano pamoja usikie kama zote zinalia, ziko zingine ukiongeza ya tano ya kwanza inakufa.

Idadi ya vitufe isikusumbue. Piano kamili iko na 88, hizi za kawaida 61, na 61 ni oktava tano (C mpaka C mara tano), zinamtosha mtoto anayeanza kwa muda mrefu. Chini ya hapo, zile za 49 na 37, wacha. Siku ukifika nyumbani mwonyeshe C ya katikati (C ni kitufe cheupe kilicho kushoto kwa vile vyeusi vilivyo viwili viwili), kwa kibodi ya 61 ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto, kwa sababu masomo karibu yote yanaanzia hapo na watoto wengi wanaanzia mahali pengine alafu wanashangaa kwa nini yao haisikiki kama ya mwalimu.

Kwa hivyo mimi ningechukua CT-S300. Bei hizi zinapanda na kushuka na dola, kama siku ukienda imepita mfuko wako tafuta Yamaha ya mia tatu iliyotumika, hata E343 ya zamani, badala ya E273 mpya. Na kama kweli kweli ni E273 ama hakuna, mama chukua, mtoto aanze, itampeleka mbali kujua noti na mdundo, ila mtafutie mahali pa kugusa piano yenyewe hata mara moja kwa wiki, ongea na watu wa kanisa. Usimalize elfu 25 yote kwa kibodi pia. Baki na ya standi na pedali ya mguu. Mtoto akichezea kibodi kitandani mabega yanapanda masikioni na viganja vinakunjika, na kuondoa hio tabia ni kazi kuliko kufundisha wimbo. Akikaa, viwiko viwe sawa na vitufe, na kama miguu haifiki chini weka kitu chochote imara akanyagie.

Mwalimu niaje. Mimi ni kijana wa 28, naishi bedsita Roysambu, nataka kujifunza piano seriasi. Kuna jamaa anauza Yamaha P-45 used kwa mtandao, na kwa pesa karibu hio hio naeza pata PSR-E373 mpya ya duka. P-45 iko na sauti 10 peke yake, E373 iko na 622. Naona kama huyo jamaa ananipiga. – Kijana wa Roysambu

Ndugu yangu, huyo jamaa huenda anakuuzia kitu kizuri kuliko unavyofikiri. Hesabu ya sauti ndio inapoteza watu wengi zaidi kwa hii biashara. P-45 ina vitufe 88, na ndani ya kila kitufe kuna nyundo ndogo inayokupa uzito kidoleni, vya kushoto vizito kidogo, vya kulia vyepesi, vile piano iko. Pesa imeenda hapo. E373 ina tachi, ni nzuri, lakini vitufe vyake ni vyepesi vya springi. Kama lengo ni piano, na umesema seriasi, chukua P-45 ikiwa ni nzima. Kama unataka kutengeneza biti na kucheza na bendi, E373 itakupa raha zaidi, na haina shida kubeba kwa matatu, P-45 ina kilo 11 na nusu kabla hujaiweka kwa begi.

Nenda mchana, usitume deposi ya M-Pesa kabla hujaiona na kuishika, hata akwambie kuna mtu mwingine yuko njiani. Ukifika piga kitufe kimoja kimoja kutoka kushoto mpaka kulia, vyote 88, taratibu. Hapa ndio ile raba ya kaboni inajitokeza: kitufe ambacho hakilii, ama ambacho kinapiga kelele peke yake hata ukikigusa kidogo, mara nyingi ni vumbi ama kaboni imechoka. Vumbi fundi anafungua anasafisha, raba iliyochoka inabadilishwa, na bei ya hio kazi unaitoa kwa bei ya jamaa. Sikiliza pia sauti ya tok tok ya mbao vitufe vikirudi juu, kidogo ni kawaida, ikizidi kuna kitu ndani kimelegea.

Alafu adapta, tafadhali. Yamaha hizi zinataka volti 12, Casio nyingi za sasa zinataka 9.5, na Casio za zamani kuna zile ncha yake ya ndani ni hasi na ya nje ni chanya, kinyume na Yamaha. Ncha inaweza kuingia vizuri kabisa na kibodi ikaungua. Tazama kile kimchoro cha duara kwa adapta na nyuma ya kibodi, vifanane. Na kama mzigo ulitoka Marekani soma pale adapta imeandikwa INPUT, ikiwa ni 120V peke yake usiiweke kwa soketi ya Kenya ya 240, nunua ingine.

Majirani wa bedsita usiwaogope, vaa hedifoni. Angalia tundu tu, kuna la milimita 6.35 na dogo la 3.5, kikonekta cha kubadilisha kinapatikana kila mahali pale mjini.

Bwana asifiwe mwalimu. Mimi ni mwanakwaya Kawangware, kijana wetu wa kinanda anacheza kila wimbo kwa C alafu anabonyeza transipozi, kile kitufe cha kupandisha ama kushusha wimbo wote. Sasa nataka kununua kibodi yangu nijifunze, nitafute yenye transipozi nzuri? – Mwanakwaya

Amina. Karibu kila kibodi iko na transipozi, kwa hivyo usiilipie. Sisemi ni dhambi, wimbo ukianza juu sana na waimbaji wanaumia, kijana anawasaidia. Lakini wewe ndio unaanza, na una kitu kizuri tayari: kama umeimba kwaya unajua solfa, na do ya solfa inahama. Tumia hio. Chukua wimbo wa pambio unaoujua kabisa, uimbe kwa do re mi, alafu uucheze C ikiwa do. Ukizoea, fanya G iwe do. Utaona ni kitufe kimoja tu kimebadilika, ti sasa ni F shapu. Alafu fanya F iwe do, hapo ni fa peke yake imehamia B flati. Kwa hizo tatu, C, G na F, utacheza nyimbo nyingi za ibada bila kugusa transipozi, na siku mtu wa gita atasema tunaingia na G mtaelewana papo hapo. Nunua yenye tachi na tundu la pedali, basi. Pedali inasaidia sana nyimbo za polepole za kuabudu, ila iachilie kila unapobadilisha kodi (zile noti unazopiga pamoja), usipoiachilia sauti zinarundikana mpaka kanisa lote linasikia ukungu.

Mwalimu, mtoto wangu akijifunza na kibodi ya 61 anaeza fanya mtihani wa grade? Na huku kwetu stima inapotea kila jioni, itakuwaje na mazoezi? – Baba wa watatu, Syokimau

Baba, kuna mitihani miwili watu huichanganya. Mtihani wa piano, kama ule wa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambao watoto wengi Nairobi wanafanya, unapimwa kama piano, kwa hivyo kadiri grade zinavyopanda atahitaji vitufe 88 vizito na pedali. Kibodi ya 61 yenye tachi inamsukuma vizuri kujiandaa mwanzoni, mazoezi ya mwisho ayafanye kwa piano. Trinity College London nao wana mtihani wa kibodi ya umeme kivyake, huo ni somo lingine lenye midundo na sauti tofauti tofauti. Uliza mwalimu wake anamwandaa kwa upi kabla hujanunua chochote.

Stima isikutie wasiwasi. CT-S300, E273 na E373 zote zinatumia betri 6 ndogo za AA, weka za kuchaji na uiambie kibodi ni za aina gani, mahali pa kuiambia pako kwa menyu. P-45 haiwekwi betri. Stima ikipotea chomoa adapta kwa soketi, isubiri ikae sawa kwanza kabla ya kurudisha, kwa sababu ile ya kurudi kwa nguvu ndio inaua vifaa. Na shule zikifunguliwa, kama kibodi itakaa bila kuguswa wiki kadhaa, toa betri zote, zikivuja zinakula vile vyuma vya ndani.