Mkitaka Kurudiana, Anzeni na Nyimbo za Zamani

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, bendi yetu ilivunjika, sasa wenzangu wanataka turudi. Nikubali?" Nilicheka peke yangu. Mwezi uliopita nilipanda jukwaani hapa Nairobi na watu ambao kwa miaka tisa hatukuwa tumesalimiana.

Tulivunjwa na kumiksi, yaani kupima kila sauti na chombo kisikike kiasi gani kwenye wimbo. Sauti yangu ilizamishwa chini ya gitaa, nikaambiwa eti ndivyo muziki wa hevi metali, roki ile nzito ya magitaa, unavyotaka. Nilijua ni nani aliyerudi studio usiku kupandisha gitaa lake. Bado najua. Mimi nami nilibadilisha neno la siri la ukurasa wa bendi, nikaufunga. Hilo sikuwahi kulisema hadharani.

Ndiyo maana kisa cha Black Sabbath, bendi ya hevi metali ya Uingereza, na mwimbaji wao Ronnie James Dio kinanikaa rohoni. Walipokuwa wakimiksi Live Evil, albamu iliyorekodiwa jukwaani 1982, wenzake walidai kwamba yeye na mpiga drams Vinny Appice waliingia studio kisiri wakajipandisha sauti. Dio alikana, akaondoka na Appice. Mwaka 1992 wakarudi pamoja na albamu ya Dehumanizer. Kabla mwaka haujaisha, Dio alikataa kutangulia jukwaani kwenye shoo za Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath kabla yake, huko Costa Mesa, California. Wakaachana tena.

Kilichowarudisha ni mkusanyiko. Mwaka 2007 ilitoka The Dio Years, nyimbo za enzi ya Dio, naye na mpiga gitaa Tony Iommi wakakaa kutunga mpya za kuongezea. Zikawa tatu, zikazaa ziara. Wakajiita Heaven & Hell, kwa hiyo hakuna aliyewadai nyimbo za Ozzy. Mwaka 2009 wakatoa albamu nzima, The Devil You Know. Mwezi Mei 2010 saratani ya tumbo ikamchukua Dio.

Kwa hiyo ndugu yangu, usikimbilie kukodi ukumbi. Kaeni msikilize nyimbo zenu za zamani, zote, hata zile za aibu. Sisi tulikaa Buruburu sebuleni kwa mpiga besi, tukachagua kumi na mbili za mkusanyiko wetu. Tulipofika kwenye wimbo ule wa ugomvi, mpiga gitaa akainamia simu yake. Nikaomba uwe wa pili. Wakauweka wa kumi na moja. Nilimeza. Wewe pia utameza, kama kweli unaitaka bendi kuliko unavyotaka kuombwa radhi. Sikilizeni kwanza, nasema tena, ukumbi baadaye.

Na anayemiksi awe mtu wa nje. Sisi tumemlipa kijana wa Mombasa asiyejua nani alimkosea nani. Jana usiku alinitumia huo wa kumi na moja. Sauti yangu inasikika kila neno. Gitaa nalo, lazima nikiri, ni tamu.